Kuwa mshauri mwelekezi mwandamizi ukiwa Tabora au Kigoma: hatua kwa hatua, pamoja na hesabu zake

Mhasibu mmoja wa Urambo, mwenye miaka 11 kazini kwenye vyama vya ushirika, alinipigia simu jioni moja nikiwa nimekaa barazani hapa Ng'ambo, Tabora mjini. Baada ya salamu ndefu akaniuliza: "Kaka, hivi huku kwetu mtu anaweza kula kwa ushauri?" Nikamwambia anaweza, ila si kwa namna anayodhani. Aliyekuwa akimuwazia ni mtu wa suti anayeshuka na ndege, anafanya vikao siku tatu, anaacha ripoti nene na ankara nene zaidi. Soko la mtu huyo huku magharibi halikuwahi kuwa kubwa, na sasa linanywea. Anayetafutwa ni mwingine: anayeweza kukaa na bodi, akalijua tatizo lenyewe, na akiondoka kuna jambo limebadilika.

Nimeandika haya kwa ajili yake na wenzake: watu wenye miaka 8, 10 au 15 ya uhasibu, ugavi, afya, ushirika, utumishi au miradi, wanaotaka kuingia kwenye ushauri wa menejimenti kwa ngazi ya juu. Mwenye miaka miwili kazini asome tu, asianze nayo kesho.

Hatua ya 1: Jipime kama kweli ni mwandamizi

Umri hautoshi, na shahada ya uzamili haitoshi. Kipimo changu ni kimoja: taja uamuzi mkubwa wa taasisi uliousimamia wewe, ukapatia au ukakosea, na matokeo yake yakaonekana kwa shilingi, kwa siku au kwa watu. Labda malipo ya wakulima yalikuwa yakichukua wiki sita, ukayashusha hadi mbili. Labda ulifunga duka la dawa la hospitali lililokuwa linavuja, ukatukanwa mwezi mzima, kisha dawa zikaacha kupotea. Ukiwa na visa vitatu vya namna hiyo unavyoweza kuvieleza kwa dakika tano kila kimoja, endelea. Kama huna, tumia mwaka mmoja kuvitafuta hapohapo ulipoajiriwa, maana huko unalipwa mshahara ukijifunza.

Tofauti ya ngazi ni hii. Mshauri mdogo hukusanya takwimu na kupanga majedwali. Wa kati huendesha sehemu ya kazi. Mwandamizi ndiye anayebeba jina: anazungumza na mwenyekiti uso kwa uso, anakataa mteja anapotaka ripoti imsifie, na ndiye anayepigiwa simu saa nne usiku kazi ikiharibika.

Hatua ya 2: Soma soko kabla hujaacha ajira

Tuanze mbali. Marekani, ambako kazi hii huhesabiwa kwa karibu, ofisi yao ya takwimu za kazi ilikadiria kuwa ajira za wachambuzi wa menejimenti zingeongezeka kwa asilimia 11 kati ya 2023 na 2033, kasi inayozidi wastani wa kazi zote. Mshahara wa katikati Mei 2023 ulikuwa dola 99,410 kwa mwaka. Tafadhali usichukue namba hiyo ukaizidisha kwa bei ya dola dukani halafu ukaenda kumwandikia mwajiri barua ya kuacha kazi. Inakuonyesha mwelekeo tu: taasisi zikibanwa na gharama huendelea kununua kichwa kutoka nje.

Sasa turudi nyumbani. Tangazo linalosema "mshauri mwelekezi mwandamizi, kituo cha kazi Tabora" unaweza kulisubiri hadi ukaota mvi. Kampuni kubwa za ushauri zimekaa Dar es Salaam. Huku kazi huja kama mikataba ya siku 10, 25, mara chache 60. Kwa hiyo swali la kuuliza ni nani ana tatizo na ana bajeti, wala si wapi wanaajiri.

Ushirika ndio mlango mpana kwa Tabora. Tumbaku ya Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui hupitia AMCOS, yaani vyama vya msingi vya wakulima, na juu yake kuna vyama vikuu kama WETCU. AMCOS moja inaandaa makisio ya pembejeo, inakopa, inagawa mbolea, inasimamia masoko, inakata makato na kulipa wanachama, yote hayo kwa meneja mmoja, karani mmoja na bodi ya wakulima. Bei ya tumbaku hutajwa kwa dola, mkulima anasubiri shilingi, na hapo katikati pana maswali mengi kuliko majibu. COASCO, shirika la ukaguzi wa ushirika, hukagua hesabu, Tume ya Maendeleo ya Ushirika husimamia vyama. Chama kikipata hati yenye mashaka, mkaguzi ameshamaliza kazi yake. Anayebaki kuhitajika ni wa kusaidia kurekebisha. SACCOS nazo, yaani vyama vya akiba na mikopo, tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, zinatakiwa kuwa na leseni, na leseni inadai sera, taratibu za mikopo na mifumo ambayo nyingi hazikuwa nayo.

Kisha kuna ujenzi. Treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, na mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022. Bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, linapita Nzega na Igunga, na karakana ya kuyavika mabomba yake kinga ya joto iko Sojo, wilayani Nzega. Wewe hutaenda kumshauri mkandarasi mkuu. Ana watu wake. Mteja wako ni mama aliyekuwa akilisha watu 40 mgahawani, akapata kandarasi ya kulisha 400 kambini, analipwa baada ya siku 45 na anaendesha kila kitu kwa daftari moja la kaunta. Huyo anahitaji mtu wa kumpangia mtiririko wa fedha, ununuzi na wafanyakazi, na atakulipa kwa sababu asipokupata atafilisika kwa mafanikio yake mwenyewe. Wateja wa namna hii hawatangazi zabuni. Wanatajwa msibani, kanisani, msikitini, kwenye foleni ya benki.

Kigoma ina mchezo wake. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mzigo wa Kalemie, Uvira na Bujumbura unaendelea kupita bandarini, kwa hiyo mawakala wa forodha, wenye maghala na wenye boti wanakua bila kujua namna ya kukua. Tangu 2018 serikali imekuwa ikisukuma michikichi, utafiti ukifanyika kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, na kila penye michikichi pana vikundi vya kukamua mafuta vyenye mashine nzuri na vitabu vibovu. Dagaa wa Kibirizi ni hadithi hiyohiyo.

Upande wa kambi za wakimbizi, Nyarugusu na Nduta, upepo umegeuka. Kwa miaka mingi washauri wengi wa Kigoma waliishi kwa tathmini za miradi ya mashirika. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai 1 mwaka huohuo USAID, shirika lake la misaada, ilikuwa imefungwa. Nawajua wenzangu waliopoteza kazi tatu ndani ya mwezi mmoja. Hapa watu wanasema soko limekufa. Mimi nasema limebadilisha anachonunua mteja. Shirika la wazawa lililokuwa na wafanyakazi 60 na sasa lina fedha ya 22 halihitaji tathmini ya katikati ya mradi. Linahitaji mtu wa kulisaidia kuamua nani abaki, ofisi ipi ifungwe, magari yauzweje, na kuzungumza na wafadhili waliobaki bila kupiga magoti. Kazi ngumu, isiyo na picha za kupiga, na wanaoiweza ni wachache.

Cha mwisho kwenye soko: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Hospitali binafsi, shule, SACCOS, wote wanashika taarifa za watu na wanatakiwa kujisajili kwenye Tume yake na kuweka taratibu. Kazi ndogondogo, lakini hukufungulia mlango wa zile kubwa.

Hatua ya 3: Chagua kona mbili, si sita

Kadi ya biashara inayosema "mipango mkakati, tathmini, rasilimali watu, masoko, TEHAMA, mafunzo" inasema hujui kitu. Chagua sekta moja na tatizo moja: ushirika na mikopo chechefu (isiyolipwa), kwa mfano, au mashirika na upunguzaji wa gharama. Kona ya pili iwe jirani yake. Kwa mji kama wetu, ambapo kila mtu anamjua mjomba wa kila mtu, ndani ya mwaka mmoja jina lako litaambatana na tatizo hilo.

Hatua ya 4: Noa stadi zinazolipwa

Ripoti ya Jukwaa la Uchumi Duniani ya Januari 2025 ilikuta waajiri saba kati ya kumi wakitaja fikra chambuzi kuwa stadi ya msingi, na ikakadiria kuwa asilimia 39 ya stadi za kazi zitabadilika hadi 2030. Fikra chambuzi ni neno zuri la kuwekea kwenye wasifu. Kwa vitendo, huku, ina sura hii.

Chama kimoja cha tumbaku kiliniita kuandika mpango mkakati wa miaka mitano. Kikao kilifanyika ghalani, marobota yamepangwa hadi karibu na dari, harufu ya jani inakukaa kooni. Wajumbe tisa. Wote waliongelea bei na mvua. Mtunza hazina, mzee wa miaka sabini hivi, hakufungua mdomo. Kutwa nzima alikuwa anakunja risiti moja, anaikunjua, anaikunja tena. Kikao kikafungwa kwa sala na soda. Nikiwa nafunga begi kwenye pikipiki akanifuata taratibu.

"Mwanangu, mmeongea vizuri. Ila makisio mbona hamkuyauliza?"

"Makisio yapi, baba?"

"Ya mbolea. Waliosaini ni wengi kuliko wanaolima."

Nikaishusha begi. Kwa siku mbili tulilinganisha karatasi tatu: orodha ya waliopewa pembejeo, orodha ya mabani ya kukaushia yaliyohesabiwa, na karatasi za mauzo. Majina 31 kati ya 212 yalikuwa na mbolea, hayana bani, hayajauza kilo hata moja. Deni lao lilikuwa linakatwa kwa waliopeleka tumbaku sokoni. Ndiyo maana wakulima wazuri walikuwa wanahama chama, wala si bei, wala si mvua. Mpango mkakati wowote ambao haukugusa makisio ungekuwa mapambo.

Sasa stadi iliyofanya kazi pale ni ipi? Hesabu ilikuwa ya darasa la saba. Kilichohitajika ni kumwona mtu aliyenyamaza, kuchelewa kuondoka, na kuvumilia aibu ya kubadilisha kazi ambayo mteja alishaipa jina. Nilirudi kwa mwenyekiti nikamwambia kwa heshima kwamba mpango usubiri mwezi mmoja. Alinuna. Kisha akakubali, kwa sababu nilikuja na karatasi tatu na sikutaja jina la aliyeniambia. Ukimtaja mzee wa namna ile mara moja, hutapata tena mtu wa kukufuata kwenye pikipiki.

Stadi ya pili ni hesabu za fedha kwa wiki. Mapato na matumizi ya mwaka kila mhasibu anayaweza. Mwandamizi anajenga kwenye Excel jedwali la wiki 13 linaloonyesha wiki gani fedha zitakata, na anaweza kulieleza kwa mtu aliyeishia darasa la nne. Jifunze pia KoboToolbox kwa kukusanya takwimu kwa simu. Mashirika ya Kigoma yameizoea na hutarajia uijue bila kuuliza.

Ya tatu ni kuandika Kiswahili kinachosomeka. Nilijifunza kwa aibu. Kazi yangu ya pili kubwa, kwa chama ambacho sitakitaja, niliandika ripoti ya kurasa 84 kwa Kiingereza kwa sababu hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi anayoyatoa mteja, zilikuwa kwa Kiingereza. Baada ya miezi minane nilipita kusalimia. Katibu akafungua kabati, nakala zote tano zilikuwa pale, zimebanwa vizuri, na risiti ya stationari niliyochapisha bado iko ndani ya nakala ya juu. Hakuna aliyezisoma. Tangu hapo natoa vitu viwili: ripoti ndefu kwa anayelipa, na kurasa nne za Kiswahili kwa watakaofanya. Kurasa nne zina nani, afanye nini, lini, kwa fedha ipi. Zinabandikwa ukutani.

Akili mnemba nayo. Usiiogope na usiiabudu. Inakuandikia rasimu, inapanga majibu ya mahojiano 60 kwa dakika chache, inakutafsiria barua ya Kifaransa kutoka Bujumbura. Kazi zile ambazo zamani tulimpa mshauri mdogo wiki nzima sasa zinaisha kabla ya chai, na ndiyo sababu mwandamizi anayejua kuuza majedwali tu atapata shida. Ila ina tabia ya kutunga jambo kwa sauti ya uhakika, kwa hiyo kila namba irudi kwenye karatasi iliyotoka. Na usimwage humo orodha ya wanachama na namba zao za simu. Sheria niliyoitaja juu inakuhusu wewe pia.

Lugha: Kiha na Kirundi zinasikilizana, na Mha anayeweza kuongoza kikao Kasulu bila mkalimani ana bei tofauti. Kifaransa cha kazi kinafungua upande wa pili wa Ziwa Tanganyika. Hapa Tabora, salamu ya "mwangaluka" ya asubuhi kwa mzee wa chama haikuongezei alama kwenye zabuni, lakini inapunguza nusu saa ya kutazamana.

Vyeti nitavipita haraka. CPA, cheti cha uhasibu cha bodi ya wahasibu NBAA, inaheshimika kila mahali penye fedha. PMP, cheti cha usimamizi wa miradi, inasaidia kwenye zabuni za miradi kwa sababu wachambuzi wa maandiko ya kuomba kazi wanaijua kwa jina. Kuna kiwango cha kimataifa cha huduma za ushauri wa menejimenti, ISO 20700 cha mwaka 2017; kisome uone namna wanavyopanga mkataba, utekelezaji na kufunga kazi. Ukitaka kuongeza shahada ukiwa hapahapa, Chuo Kikuu Huria kina vituo mikoa yote miwili. Lakini cheti cha nne hakitafanya kazi ya kisa cha tatu.

Hatua ya 5: Weka karatasi sawa

Sajili jina la biashara au kampuni kwa wakala wa usajili, BRELA, kwa mtandao. Pata TIN (namba ya mlipakodi) ya biashara TRA, leseni ya biashara ya halmashauri, akaunti ya benki yenye jina lilelile, herufi kwa herufi. Nenda TRA ukaulize kwa mdomo wako kuhusu VAT na mashine ya risiti ya EFD kwa huduma ya ushauri kabla hujatoa ankara ya kwanza, usisubiri kuambiwa na mteja.

Kisha jisajili NeST. Tangu 2023 ndio mfumo wa ununuzi wa umma, ulipochukua nafasi ya TANePS, na zabuni za halmashauri na taasisi zinapita humo. Sheria ya ununuzi inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu; kama unahusika, kajiandikishe kwa utaratibu wake. Kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa, jisajili UNGM, mfumo wao wa zabuni. Usajili wote huu ufanye mwezi ambao hakuna zabuni unayoitaka, kwa sababu nyaraka moja iliyokwisha muda inakutoa nje, na intaneti ya siku ya mwisho tunaijua.

Hatua ya 6: Andika andiko kwa kufuata alama, si kwa ufasaha

Soma hadidu za rejea mara mbili, kisha nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa vigezo. Kazi nyingi za ushauri huchaguliwa kwa ubora na gharama pamoja, mara nyingi ubora asilimia 80 na bei asilimia 20. Watu wengi wa kwetu hawaamini hesabu hii mpaka waione, basi nitaiandika.

Wewe umepata alama 86 za kiufundi, bei yako shilingi milioni 30. Mwenzako amepata 74, bei yake milioni 21. Bei ya chini kabisa hupewa alama 100, kwa hiyo yeye ana 100. Yako ni 21 gawanya kwa 30 mara 100, sawa na 70. Jumla yako: 86 mara 0.8 ni 68.8, jumlisha 70 mara 0.2 ambayo ni 14, unapata 82.8. Yake: 74 mara 0.8 ni 59.2, jumlisha 20, anapata 79.2. Umeshinda ukiwa ghali zaidi kwa milioni tisa. Ndiyo maana mtu anayekesha akikata bei badala ya kurekebisha wasifu wa timu yake anajichosha bure.

Lakini angalia njia ya uchaguzi iliyotajwa. Ikiwa ni ya gharama ndogo, basi ukishavuka kiwango cha chini cha ubora, mwenye bei ya chini anachukua, na hesabu yote ya juu haina maana.

Alama za kiufundi hukaa sehemu tatu: uzoefu wa kampuni, mbinu ya kazi, na sifa za wataalamu wakuu. Wasifu wa mwandamizi uandikwe upya kwa kila zabuni. Wakitaka "miaka 10 ya ushirika", miaka hiyo ionekane kwa tarehe, kazi na barua ya mteja. Kila kazi ukimaliza omba barua ya kuthibitisha papo hapo, meneja akiwa bado na furaha. Ukimfuata baada ya miaka miwili utaambiwa alihamishwa. Kwenye mbinu ya kazi onyesha unayoyajua ya mahali penyewe. Ukipanga dodoso vijijini Kaliua mwezi Januari na magari ya kawaida, mchambuzi anayeijua Kaliua atacheka, na atakuwa na haki.

Kama huna uzoefu wa kampuni, usijidanganye na usidanganye nyaraka. Jiunge na kampuni ya Dar es Salaam au Mwanza kama mtaalamu wao wa kanda. Wanahitaji mtu wa huku kuliko wanavyokubali. Saini makubaliano ya siku zako na malipo kabla jina lako halijaingia kwenye andiko. Wengi wametumiwa kushinda kisha nafasi yao akapewa mwingine.

Hatua ya 7: Panga bei kwa siku-kazi

Mfano wa tathmini ndogo Kibondo ukitokea Tabora. Kusoma nyaraka siku 2, kikao cha kuanza 1, safari 2, uwandani 6, uchambuzi 4, kuandika 2, mrejesho 1. Jumla siku 18. Ukiweka shilingi 350,000 kwa siku, kwa mfano wa hesabu tu, unapata 6,300,000. Wakusanya takwimu 4 kwa siku 6 kwa 50,000 ni 1,200,000. Malazi usiku 7 kwa 60,000 ni 420,000. Usafiri 600,000. Jumla 8,520,000.

Sasa kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa huduma za mkazi. Ankara ikiwa moja ya jumla yote, mteja atakata 426,000 akupe 8,094,000. Dai hati ya zuio. Fedha hiyo inahesabika kwenye kodi yako ya mapato ya mwaka, na bila hati umeipoteza. Ongeza pia siku ambazo hakuna anayekulipa: kuandika maandiko yanayokataliwa, kufuatilia malipo, kukaa kwenye benchi la mapokezi. Kwangu mimi mwaka mzuri una siku 110 za kulipwa. Gawanya mahitaji yako ya mwaka kwa namba ya aina hiyo, usigawanye kwa 365, ndipo utajua kama 350,000 ni nyingi au unajinyonga.

Malipo ya awali yasipungue asilimia 30, yafuatwe na malipo kwa rasimu, kisha ya mwisho. Vyama vya ushirika vina fedha wakati wa masoko, si wakati wa kuandaa mashamba. Panga tarehe za malipo kwa kalenda ya zao lao.

Hatua ya 8: Ukishapata kazi

Wiki ya kwanza andika ripoti ya awali fupi, kurasa tano, inayosema umeelewa nini na utafanya nini. Hapo ndipo pa kubadilisha swali kama umegundua swali ni jingine. Kabla ya kikao cha mrejesho, mpelekee mwenyekiti na meneja mambo mabaya faraghani, kila mmoja kwa wakati wake. Hakuna mtu mzima wa huku atakayekubali kosa lake akilisikia kwa mara ya kwanza mbele ya wajumbe. Kikaoni fika na mapendekezo matano, sio ishirini na saba.

Weka kwenye mkataba siku moja ya kurudi baada ya siku 90. Mteja atashangaa, wengi hawajawahi kuombwa. Siku hiyo huendi kuwasilisha kitu. Unakwenda kuangalia zile kurasa nne ukutani, ipi imefanyika, ipi imekwama na kwa nini. Kazi zangu tatu kati ya tano hutokana na siku hiyo.

Yule mhasibu wa Urambo amenitumia wiki iliyopita tangazo lake la kwanza, la kupitia muundo wa taasisi moja. Alikuwa ameshaanza kuandika utangulizi. Nikamwambia auache, afungue ukurasa wa vigezo, ajipe alama mwenyewe kwa uchoyo. Amejipa 61, kiwango cha chini kilikuwa 75. Ameliacha, na kabla hata ya kukata simu alikuwa ananiuliza kampuni zipi za Mwanza zimewahi kufanya kazi za ushirika.